Pumzi ya Silinda Sita

Manifoldi zilikuwa tatu, na Tarsisi alitakiwa kuchagua moja.

Zilifika Shinyanga kwa treni, ndani ya sanduku la mbao lililoshindiliwa vipande vya karatasi, na Bwana Pravin mwenyewe alikwenda kulipokea stesheni kana kwamba anampokea bibi harusi. Pravin alikuwa na duka la vipuri na gereji nyuma yake. Alizaliwa mjini hapa hapa, Kisukuma alikijua kuliko wengi wanaojidai Wasukuma, na alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni mbio. Kwa ajili ya ugonjwa huo mama yake alifunga kila Jumatatu. Mwaka huo wa 1972 alikuwa amenunua Datsun nyekundu ya milango miwili, pua ndefu, makalio mafupi, silinda sita, na mwezi wa Novemba alikusudia kuingia nayo mashindano ya kutoka Shinyanga hadi Mwanza kwa kuzungukia Geita. Njia ile ilikuwa mchanga, makorongo na mawe. Kupeleka kule gari la chini namna ile ni wazimu, na kila mtu sokoni alisema hivyo, kisha akaongeza kwamba asingependa kukosa kuliona.

"Fundi," alisema Pravin, "injini hii inakabwa koo. Kiwandani wameipa pumzi ya kwendea sokoni. Mimi nataka pumzi ya kukimbilia. Chagua wewe. Ukikosea, naipeleka Nairobi kwa mafundi wao, na wewe unarudi kwenye matrekta."

Alisema huku anacheka, lakini Tarsisi alimjua. Pravin akicheka ndipo anapomaanisha.

Asiyewahi kufungua boneti aelezwe: manifoldi ni bomba lenye matawi. Linakaa kati ya kabureta na injini, linachukua hewa iliyochanganywa na petroli na kuigawia kila silinda fungu lake. Watu wengi hulipita bila kulitupia jicho. Hudhani nguvu ya gari iko kwenye petroli. Tarsisi hakudhani hivyo hata siku moja, maana alizaliwa mahali ambapo watu walijua kwamba moto ni hewa, na mkaa ni wa kusindikiza tu.

Kwao ni upande wa Geita, kwenye ukoo wa wahunzi. Si wahunzi wa kunoa mapanga. Babu zake walichimba mawe mekundu, wakayapika katika tanuri la udongo, na mawe yakatoa chuma. Tarsisi mwenyewe alivukuta mivukuto ya baba yake, ile mifuko ya ngozi ya kupulizia moto, kuanzia alipopata nguvu za mikono mpaka alipotimiza miaka kumi na tisa. Wakati huo majembe ya dukani yalikuwa yamefika kila kijiji kwa bei ya kuku wawili, na tanuri la baba yake, Mzee Donatus, likawa linawashwa mara moja kwa mwaka, kisha likakaa bila kuwashwa kabisa. Tarsisi akaondoka kwenda kujifunza ufundi wa magari. Baba yake hakumzuia wala hakumlaani. Alimsindikiza mpaka njiani na kumwambia kitu kimoja tu: "Unaacha moto unakwenda kushika spana."

Maneno hayo Tarsisi aliyabeba miaka ishirini na nne bila kulalamika. Yaliyomuuma zaidi ni ya juzi tu, walipomzika mama. Watu wa ukoo ule, anapokufa mhunzi, wale walioshika moto ndio wanaolizunguka kaburi na kutupia ndani vipande vya mavi ya chuma, zile takataka nyeusi za tanuri. Wengine wote, hata kama ni watoto wa kuzaa, husimama pembeni pamoja na wakwe. Mzee Donatus, ametoka kumzika mkewe, alimnyoshea kidole mwanawe mbele ya watu wote akasema, "Siku yangu ikifika, huyu atasimama na wakwe."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayepanga viti. Tarsisi alirudi Shinyanga na maneno yale kifuani, akala nayo, akalala nayo, na Pravin alipomwonyesha ramani ya mashindano, kidole chake kikateleza kutoka Kahama hadi Segese, kikapita pori la Bulyanhulu, kikasimama kwenye kijiji chao. Gari lile lilikuwa linapita uani kwa baba yake. Hapo Tarsisi akajiapia kwamba mzee atausikia moto ulioko ndani ya chuma, hata kama ni mara moja tu, aseme mwenyewe ni moto au si moto. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba alikuwa anaogopa matrekta. Matrekta alikuwa ameyazoea.

Basi akazilaza manifoldi tatu juu ya gunia, akazitazama.

Ya kwanza ilikuwa fupi, nyeupe, imeng'arishwa mpaka unaweza kunyolea ndevu. Matawi yake sita yalikuwa mafupi kama vidole vya mtoto mchanga, yamenyooka moja kwa moja kuingia injini. Pravin alipoiona akaipapasa, akasahau kuiachia.

Ya pili ilikuwa na matawi marefu yaliyopinda, na sakafu yake ilikuwa na chumba cha chuma kinachogusana na bomba la ekzosi, ili joto la moshi unaotoka lipashe pumzi inayoingia.

Ya tatu ilikuwa ndefu vile vile lakini haikuwa na chumba cha joto, na ilikuwa imemiminwa vibaya kiwandani, ngozi yake imejaa vipele kama sufuria la harusi. Matundu yake hata hayakulingana sawasawa na matundu ya injini. Pravin aliisukuma kando kwa ncha ya kiatu na kusema lazima wameitia kwa makosa.

Tarsisi aliweka jicho kwenye tawi la ile ya pili, akaingiza kidole, akakigusa kile chumba cha joto, na nywele zikamsimama. Alikijua kitu kile. Mabomba ya udongo ya baba yake hayakuishia ukutani mwa tanuri. Yaliingia ndani kabisa, katikati ya mkaa unaowaka, ili pumzi ya mivukuto ipate joto njiani kabla ya kuufikia moto. Pumzi baridi ilikuwa mwiko. Ukiupa moto pumzi baridi, mawe yanagoma, na ukoo mzima unachekwa. Na sasa watu wa ng'ambo ya bahari, wasiomjua baba yake hata kwa jina, walikuwa wametengeneza kitu kile kile kwa ajili ya injini! Tarsisi alikaa juu ya tairi kuukuu akashika kichwa.

"Hii," alisema.

"Una hakika?" aliuliza Pravin, jicho lake bado kwenye ile inayong'aa.

"Bwana Pravin, moto haupewi pumzi baridi. Hilo silihitaji kitabu."

Aliifunga siku hiyo hiyo na kabureta tatu mpya zenye vinywa viwili viwili, na asubuhi yake kulipopambazuka, hewa ikiwa bado tulivu, aliwasha. Injini iliitikia kwa sauti nzito, laini, bila kukohoa hata kidogo. Waliokuwa wakinywa chai kwenye mgahawa wa jirani walitoka na vikombe mkononi. Tarsisi alijisikia mrefu kuliko mlingoti wa bendera. Angejua, angekaa chini.

Saa nane mchana, jua la Oktoba likiwa linapika bati za mji mzima, walitoka kwenda Kolandoto kulijaribu gari. Walikwenda vizuri kilomita chache. Kisha injini ikaanza kukohoa. Ikakohoa tena, ikapiga mshindo, ikakosa nguvu ya kuvuta hata kivuli chake, na ikazimika karibu na lango la hospitali ya misheni, mbele ya watu waliokuja kuwauguza jamaa zao. Pravin alipiga stata mpaka betri ikaanza kulalamika. Ndani ya kabureta petroli ilisikika ikichemka, blub blub, kama maharage.

"Mwadila, mayu," Pravin alimsalimia kwa Kisukuma mama mmoja aliyekuwa anaanika shuka kwenye ua, kwa sababu mtu aliyeaibika hana budi kusema kitu.

"Mwadila. Na hilo nalo limekuja kulazwa?" aliuliza yule mama, na ua mzima ukacheka.

Tarsisi hakucheka. Alifungua boneti akaweka kiganja juu ya manifoldi, akakiondoa upesi, kimeungua.  Kitu alichokijua tangu utotoni, kitu pekee alichodhani amekibeba kutoka kwa baba yake, kilikuwa kimemwumbua barabarani. Alimwomba yule mama shuka lake bichi, bila kujua hasa analitakia nini. Yule mama akampa, huku akimwonya asilitie mafuta. Tarsisi akalikunja, akalilaza juu ya manifoldi, mvuke ukapanda kwa kelele. Akalimwagia maji mengine. Akangoja kidogo, akampa Pravin ishara.

Injini iliwaka kwa mguso mmoja. Na si kuwaka tu, ilinguruma, ikanyosha sauti, ikapanda juu kwa hamu kama mtu aliyetolewa blanketi usoni, mpaka shuka likawa linatetemeka. Watu wa ua wakaacha kucheka. Tarsisi alirudi nyuma hatua mbili.

Inataka baridi, alijiambia. Moto huu unataka pumzi baridi!

Na ule haukuwa uchungu wa kushindwa. Ulikuwa mshangao mtupu. Alijaribu kuyapanga kichwani. Tanuri la baba yake lilikuwa na tumbo kubwa, na pumzi ilisukumwa ndani na watu mchana kutwa, haina haraka, haina kipimo. Lakini silinda ina kifua kidogo, na inapewa nafasi ya kuvuta mara moja tu, upesi kuliko kufumba jicho, kisha mlango unafungwa. Hewa ya moto imevimba. Inakijaza kifua kabla hakijashiba. Hewa baridi imejikunja, unaweza kuishindilia nyingi mahali padogo. Kumbe moto na moto si ndugu wa tumbo moja. Miaka ishirini na nne ameshika injini kila siku, na jambo hili lilikuwa limekaa mbele ya pua yake likimngoja.

"Wabeja, mayu," alimshukuru yule mama akimrudishia shuka. Lilikuwa na mafuta. Alisemwa ipasavyo.

Pravin aliliendesha gari kurudi mjini. Walipofika gereji alikwenda moja kwa moja kwenye ile fupi inayong'aa, akaiweka mkononi mwa Tarsisi. "Nimekupa nafasi yako. Sasa tunafunga yangu."

Walifunga. Ilikuwa na sauti, mtu asiseme uongo. Mshale wa mizunguko ulipopita elfu tano injini ilipiga yowe lililowafanya mbwa wa mtaa mzima wajibu, na gari likaruka mbele kwa namna iliyomfanya Pravin apige usukani kwa furaha. Lakini chini ya hapo hapakuwa na kitu. Waliipeleka kwenye mchanga wa mto uliokauka nje ya mji, mahali pa kwenda polepole na kuvuta, na pale injini ikasinzia. Ukikanyaga mafuta inameza mate. Ukikanyaga zaidi, magurudumu yanajichimbia kaburi. Walitolewa na maksai wanne wa mkulima mmoja, ambaye aliuliza gari limenunuliwa na ng'ombe wangapi, akatikisa kichwa.

"Bado kuna ya tatu," alisema Tarsisi.

"Ile ya vipele?"

"Ile ile."

Pravin alimwangalia fundi wake aliyejaa mchanga mpaka nyusi. Labda alichoka. Labda aliona kitu usoni mwake. "Fundi, hii ndiyo ya mwisho. Ikigoma, Jumamosi injini inapanda lori."

"Ikikubali, tuijaribu njia ya kwetu. Njia yenyewe ya mashindano, mpaka kijijini kwa baba yangu."

"Kuna mchanga huko?"

"Kuna mlima wa mchanga."

Tarsisi alifanya kazi siku mbili kwa tupa na msasa. Alipaka masizi kwenye uso wa injini, akaibandika manifoldi, akaibandua, akaona wapi matundu hayakutani, akapunguza, akabandika tena. Kila tundu lilitakiwa likutane na tundu mwenziwe bila kizingiti, maana pumzi ikijikwaa imepungua. Alikwangua vipele vya ndani kwa kidole kilichofungwa msasa, tawi moja baada ya jingine. Vipele vya nje aliviacha, kwa kuwa havikumdhuru mtu. Kati ya manifoldi na ekzosi alifunga bati kuzuia joto. Na muda wote alifikiria urefu. Joto lilikuwa limemdanganya, lakini urefu je? Bomba la udongo la baba yake lilikuwa na kipimo chake, kuanzia kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati, na likivunjika wakaweka fupi, wavukutaji walichoka mapema na moto ukapwaya. Likiwa na urefu wake, na wavukutaji wakiipata ile mipigo yenyewe, si ya haraka wala ya pole, basi bomba liliitikia. Pumzi iliyotangulia iliivuta inayofuata. Mikono ikawa myepesi, kana kwamba kuna mtu wa tatu anasaidia. Alikuwa na miaka kumi na miwili alipolisikia hilo mara ya kwanza, na aliogopa, akadhani ni mizimu.

Alipoiwasha Alhamisi alasiri, jua likiwa kali vile vile, injini haikukohoa. Aliinama juu yake peke yake, akaongeza mafuta taratibu kwa kidole, jicho likichungulia saa ya mizunguko kupitia kioo cha mbele. Sauti ilipanda, ikapanda, na mshale ulipofika elfu tatu na nusu, kikatokea kitu. Sauti ilijaa. Vinywa sita vya kabureta vikaanza kuimba kwa pamoja, noti moja nene, na kidole chake hakikuwa kimeongeza chochote. Mabomba yalikuwa yanaitikia.

Tarsisi alizima. Alikaa chini sakafuni, mgongo kwenye gurudumu, akabaki hapo mpaka kuwaza kukamwishia. Kisha alichukua chaki akaweka alama kwenye kioo cha saa ya mizunguko, pale pale kwenye tatu na nusu, asije mtu akamwambia aliota.

Waliondoka Shinyanga alfajiri ya Ijumaa. Sitasimulia kila shimo la njia ile. Inatosha kusema kwamba kabla ya Kahama Pravin alikuwa ameacha kuongea, na baada ya Segese alikuwa ameanza kuimba. Gari lilivuta. Kwenye mchanga lilivuta kutoka chini, kwa subira, halikujichimbia. Pori la Bulyanhulu walilipita vumbi likiwa limewafuata kama ukuta, na kwenye mlima wa mchanga ulioahidiwa walikuta lori la pamba limekwama katikati yake, tingo na dereva wamekaa kivulini. Pravin alilizunguka kwa gia ya pili. Tarsisi aliutazama mshale ukitulia kwenye alama ya chaki, ukakaa hapo mpaka kileleni, na akasikia machozi yanamlengalenga kwa sababu ya bomba.

Saa tisa walisimama uani kwa Mzee Donatus. Mzee alikuwa anasuka kamba mbele ya nyumba, shati limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni kama aendaye misa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mmetoka salama? Watoto hawajambo? Mama yao je?" Aliuliza yote yanayoulizwa, kwa utaratibu, kama anavyoulizwa mgeni. Akaagiza viti. Pravin naye alisalimia akaitikiwa vizuri. Hata gari mzee alilisifu kwa rangi yake. Tarsisi alijibu kila swali na kila jibu lilimchoma. Kwa adabu namna hii mtu angeweza kuishi miaka mia bila kumgusa baba yake.

"Baba," alisema mwisho, "naomba usikilize kitu."

"Nina masikio."

Tarsisi alifungua boneti, akatoa kifuniko cha chujio la hewa, vinywa sita vikabaki wazi. Pravin akakaa kwenye usukani, akawasha. Mzee alibaki kitini, uso umetulia, akisikiliza kwa heshima kama mtu anavyosikiliza hotuba ya mgeni rasmi. Tarsisi akaongeza mafuta kwa kidole. Sauti ikapanda kidogo, na kamba ikamponyoka mzee mikononi.

Alisimama. Akaja taratibu, akainama juu ya injini, sikio likitangulia. Akanyosha kiganja chake chenye makovu ya zamani mbele ya vinywa vya kabureta. Kiganja kikavutwa. Alikirudisha upesi, akakitazama pande zote mbili, akakipeleka tena.

"Nani anavukuta?" aliuliza.

"Hakuna, baba. Inavuta yenyewe."

"Moto unajivukutia wenyewe?"

"Vifua sita. Kimoja kinavuta, kingine kinawaka, kwa zamu."

 Midomo ya mzee ilikuwa inahesabu. "Pumzi mmeipasha wapi?"

"Hatukuipasha. Nilijaribu, ikagoma. Huu unataka baridi."

Tarsisi alitarajia kukaripiwa. Mzee akamgeukia, macho yamemtoka, na kwa mara ya kwanza tangu mama azikwe alimtazama mwanawe usoni kwa muda mrefu. "Baridi," alisema pole pole. "Na ukawaka. Mimi nisingethubutu." Kisha akarudi kwenye injini, na sauti yake ikabadilika, ikawa ile kali, fupi, ambayo Tarsisi hakuisikia tangu ujana wake. "Ongeza."

Tarsisi aliongeza.

"Ongeza. Umepita, rudi. Rudi kidogo. Bado. Bado!" Mzee alifumba macho, mkono mmoja umeinuliwa juu. "Hapo!"

Mkono ukashuka. Vinywa sita viliimba noti moja nene, ua ukajaa, kuku wakakimbilia nyuma ya ghala. Pravin, aliyekuwa amekaa kwenye usukani, alitazama saa ya mizunguko, kisha akachungulia nje ya dirisha, kinywa wazi. Mshale ulikuwa umelala juu ya chaki. Mzee hakuwa ameiona chaki wala hakujua kusoma saa ile.

"Moto usije ukashuka," mzee alisema, na Tarsisi akaushikilia, kidole kimekakamaa, jasho linamtiririka mpaka ndani ya macho, baba na mwana wameinama juu ya moto mmoja, bega kwa bega.

Hapo ndipo Anisia, dada mkubwa wa Tarsisi, alipotokea shambani, jembe begani. "Shikamoo, baba," alisema kwa sauti kubwa ili ashinde mngurumo. Mzee hakuitikia. Hata kichwa hakugeuza. Tarsisi aliinua shingo amsalimie dada yake, na kiwiko cha mzee kikampiga ubavuni. "Nyamaza," alisema mzee. "Sikiliza kazi."

Anisia alishusha jembe. Alirudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka kwenye ukingo wa ua, akasimama huko ameweka mkono mdomoni. Pravin alishuka garini akamfuata, ameingiwa na wasiwasi.

"Dada, mzee ameudhika? Tumemkosea nini? Mbona hata shikamoo haitikii?"

Anisia alikuwa analia.

"Hajaudhika," alisema. "Kwetu hapa, tanuri likiwa linawaka, watu walioshika moto hawasalimiwi. Hawaitikii, wala hawasalimii mtu. Na asiye wa moto husimama mbali, kama sisi hivi."